Kinga ya mbio (baiskeli, kama wanavyosema ndugu wa Tanzania) ya kujiungia mwenyewe hapa Lubumbashi: chuma, aliminyumu, karboni ao titani?

Wiki jana mdogo mmoja tunayetumika naye alinionyesha picha mbili kwa simu, moja kadre (mifupa ya kinga) ya karboni ya okazyo (iliyokwisha tumika) iliyotoka Ubelgiji, ingine kadre ya chuma ya zamani yenye kibandiko cha Reynolds 531 (aina ya mirija ya chuma), bei zinakaribiana, akaniuliza yaya nichukue gani? Nikamuuliza: ikivunjika utaipeleka kwa nani? Akanyamaza. Wengi wanaotaka kujiungia kinga kipande kwa kipande wanaanzia kwa gramu na rangi, lakini hapa kwetu swali la kwanza ni lile. Vipande vya kinga ya mbio havipatikani sokoni Kenya, komini ya hapa mjini, kama vile vya kinga ya kubeba makala, vinapitia mpakani Kasumbalesa kutoka Lusaka ao kusini zaidi, ao vinakuja ndani ya valizi ya ndugu anayerudi toka Bruxelles, na ukikosea kipande kimoja unangoja miezi.

Halafu angalia fasi tunapoendeshea. Kipushi ni kama kilometa 30, Kasumbalesa kama 90, Likasi kama 120, lami iko, lakini pembeni ya lami imekatika meno meno juu ya makamiyo ya shaba, na ukisukumwa na kamiyo unashuka kule kwenye changarawe upende usipende. Mlima mkubwa hatuna, tuko juu ya tambarare ya mita 1,200 hivi. Kwa hiyo uzito unatusumbua kidogo kuliko mtu wa Bukavu, kinachotumaliza ni mashimo, mtetemo, vumbi jekundu la kiangazi na mvua toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine.

CHUMA NA ALIMINYUMU

Hizi mbili ndizo watu wengi wanazoweza kufikia kwa bei, tukae hapa.

Chuma ni kizito, ukichukua kipande cha ukubwa ule ule kinapita aliminyumu karibu mara tatu (gramu 7.85 kwa sentimita mchemraba, aliminyumu 2.7). Lakini kadre haiwi nzito mara tatu, juu chuma ni kigumu pia karibu mara tatu, basi mrija wa chuma wanautengeneza mwembamba, mzuri unakuwa na ukuta wa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Aliminyumu inabidi wainenepeshe mirija ndiyo isipinde, njo maana kadre za aliminyumu zinaonekana zimevimba. Mwishowe kadre nzuri ya chuma inatua kama kilo 1.7 mpaka 2, ya aliminyumu kama 1.1 mpaka 1.5. Tofauti ni gramu 500, 600. Chupa yako ya mayi ikijaa ni gramu 750! Ukifika peaji (pale wanapolipisha barabara) umeshakunywa ile tofauti yote.

Basi kwa uzito aliminyumu inashinda, kutu haili sawa chuma, na mpya kutoka kiwandani ni ya bei nafuu. Na siyo kitu cha kudharau, Pantani, yule Mwitaliano, alishinda Tour de France ya 1998 juu ya aliminyumu. Mimi mwenyewe nilianza nayo na niliipenda sana, ukikanyaga inaitika mara moja.

Ila aliminyumu inahesabu. Kila shimo, kila mtetemo inaandika, hata mdogo. Chuma kiko na mpaka fulani wa mzigo, ukibaki chini yake unaweza kukitikisa miaka na miaka kisichoke, aliminyumu haina mpaka ule, inachoka tu pole pole, na wanaoijua kazi yao wanaongeza unene ili siku ya kupasuka iwe mbali. Kwa lami ya Ulaya siku ile iko mbali kweli.

Mimi siku yangu ilifika mwaka wa ine. Nilikuwa naosha kinga jioni moja ya mvua, nikaona kama unywele mweusi chini ya mrija wa kiti, pale unapokutana na boksi ya pedali (fasi ekseli ya pedali inapopita). Nikafikiri ni matope, nikapangusa na kitambaa chenye petroli, rangi ikang'aa halafu ule unywele ukarudi pale pale. Nikapitisha ukucha, ukashika. Nikaipeleka atelie moja wanayotengenezea vyombo vya migodi, wako na posti ya argon (mashine ya kuunganisha metali kwa moto na gesi), jamaa akaisude (akaiunganisha) vizuri kabisa, mshono umelala sawa magamba ya samaki. Wiki tatu, ikapasuka tena, safari hii sentimita mbili pembeni ya mshono, na nilikuwa njiani kutoka Kipushi. Nilirudi na taksi, kinga juu ya paa.

Jamaa hakukosa kazi yake. Aliminyumu ya aina ya 6061 inapata nguvu kwa moto wa kiwandani: wanaipasha kadre nzima karibu digrii 530, wanaipoza gafla, halafu wanaiacha masaa mengi katika joto la digrii 160, 170 hivi. Ukisude unaharibu ule mpango, pembeni ya mshono nguvu inashuka karibu nusu, na kama hauna fuo (tanuru) ya kuingiza kadre nzima tena ndiyo basi. Hiyo ndiyo sababu nasema aliminyumu hapa kwetu haitengenezwi, inabadilishwa. Kama uko na feza ya kubadilisha kila miaka michache, chukua, sina neno.

Chuma ni hadithi ingine. Fundi wa kawaida mwenye shalumo ya oksijeni na asetileni na vijiti vya shaba ya njano anaweza kuunganisha kadre ya chuma ikabeba miaka mingine kumi. Lakini na hapa kuna mtego. Reynolds 531, ambayo iko tangu 1935, haipendi kusudewa kwa argon, ile imetengenezwa ili iunganishwe na shaba ya njano ao feza nyeupe, joto dogo kuliko sudire. Kromoli 4130, aina ingine ya chuma, inakubali argon bila shida. Reynolds 853 inakubali pia. Basi soma kibandiko kabla haujampa mtu kadre, na kama fundi anachukua posti ya elektrode ya kusudia mageti, mwambie asante papa, uondoke nayo, juu ukuta wa nusu milimita ule moto unautoboa.

Adui ya chuma ni kutu na hasa kutu ya ndani, mvua inaingia kwa mrija wa kiti, inakaa chini kwenye boksi ya pedali miezi mitano. Kila mwanzo wa mvua mimi natoa kiti, namwaga mafuta mazito kidogo ndani, nageuza kadre huku na huku, naacha yachuruzike usiku mzima juu ya katoni. Na hakikisha tundu ndogo ya chini ya boksi haijazibwa na matope.

KARBONI

Karboni ni nzuri. Siwezi kudanganya watu, nimepanda ya rafiki mpaka karibu na mtaa wa Golf na kurudi na sikutaka kushuka. Kadre gramu 800, 900, mtetemo inaumeza. Mwezi wa kenda 2025 wote tulikuwa kwenye televizyo tukiangalia mashindano ya dunia ya Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, Pogačar wa Slovenia akashinda juu ya kinga ya Colnago ya karboni na kila kijana hapa akataka karboni. Sawa. Lakini nyuma ya Pogačar kuna gari yenye kinga zingine juu ya paa, na fundi anayeshuka mbio akikohoa tu.

Chuma kikigongwa kinapinda, unaona. Karboni ikigongwa inaweza kubaki nzuri juu na ndani tabaka zimeachana. Kwa okazyo ndiyo hatari yenyewe, picha haionyeshi kitu. Ukiletewa, ikalishe mwangani, chukua feza ya chuma ao pete, gonga pole pole mrija mzima, sauti inapaswa kuwa kavu na ya namna moja, ukifika fasi sauti inakufa, inakuwa bubu kama unagonga katoni iliyolowa, acha kadre hiyo. Halafu uangalie furshi (uma wa mbele), ule mrija wake wa juu unaoingia ndani ya kadre, toa kabisa, usikubali mtu akuambie haina haja. Na karboni inataka ufunguo wa kukaza kwa kipimo, bulo (skrubu) nyingi za kiti na gidoni (usukani) ni niuton-mita 4, 5, 6, hapo basi, na mafundi wetu wanakazaka mpaka mkono useme imetosha, mkono uliozoea piki-piki. Nimeona mrija wa kiti wa karboni umepasuliwa hivyo mbele yangu, sauti kama kuvunja biskuti.

Kutengeneza karboni kunawezekana, usimsikilize anayesema haiwezekani. Ila jamaa wa parshoki (bampa) za magari atakuambia anaweza, na yeye anatumia nyuzi za kioo na resini ya poliesta, wakati kadre inataka kitambaa cha karboni na epoksi, nyuzi zilale upande ule ule zilikolala za kwanza. Siyo kazi moja.

Titani nipite haraka. Haishiki kutu, uzito kati ya chuma na aliminyumu, inakaa maisha, na kuisude lazima argon ijae hata ndani ya mrija, hewa ikigusa inakuwa kavu na kuvunjika. Kama ndugu yako wa Ulaya amekupa zawadi, ipokee kwa mikono miwili. Kununua kwa feza yangu, hapana, ile feza naunga kinga mbili za chuma na moja namuuzia mwenzangu.

KIPIMO KABLA YA YOTE

Kadre ya chuma ya saizi yako inashinda karboni ya saizi ya mwingine, na okazyo watu wanachukua saizi iliyopatikana. Simama miguu wazi bila viatu, mgongo ukutani, kitabu kigumu kati ya mapaja kikandamize juu vizuri, pima toka kitabu mpaka chini. Zidisha na 0.883. Unapata urefu toka katikati ya boksi ya pedali mpaka juu ya kiti. Mwenye sentimita 82 anapata 72.4. Ni ya kuanzia, unarekebisha milimita mbili mbili baadaye. Halafu uulize muuzaji namba mbili: kutoka boksi kwenda juu mpaka kichwa cha kadre, na kutoka boksi kwenda mbele mpaka pale pale. Hizo ndizo zinasema kama mgongo wako utavumilia Likasi, ile namba ya 54 ao 56 iliyoandikwa kwenye kadre kila kiwanda kinapima kwa namna yake.

MAGURUDUMU, HAPA USIBANE FEZA

Kama uko na dola 1,000, mimi ningegawa hivi: 300 kadre na furshi, 300 magurudumu na mipira, 250 vitesi (gia) na freni, ile ingine kiti, gidoni, pedali na vile vidogo vinavyosahaulika. Watu wanaweka 600 kwa kadre halafu magurudumu wanachukua ya kubahatisha, na gurudumu ndilo linalokutana na shimo kwanza.

Rayo (spoki) 32, zilizopindwa kichwa za kawaida, siyo zile bapa chache 18 ao 20 za mapambo. Rayo ya kawaida ikikatika fundi wa mtaani Katuba anakata ingine na kuitia nyuzi, ile bapa unangoja valizi. Na msikie vizuri hili juu limekula watu wengi: mpira wa "28" wa sokoni, wa zile kinga nyeusi za makala, mara nyingi ni wa kipenyo cha milimita 635, kinga ya mbio ni 622. Namba inasema 28 zote mbili! Haushiki rimu, unacheza. Soma ile namba ndogo ubavuni, itafute 28-622 ao 32-622, ile ndiyo isiyodanganya.

Upana 28 kama kadre inakubali, 32 kama una bahati. Kwa mtu wa kilo 70 na kitu, 28 nyuma bar 5 na nusu hivi, mbele punguza kidogo, na utaona lami ya Kipushi imekuwa lami ingine, bila kununua karboni. Kadre za zamani freni ndiyo inazuia, freni fupi ya milimita 39 mpaka 49 inapitisha 28 kwa shida, ndefu kidogo ya 47 mpaka 57 inapitisha vizuri. Mipira isiyo na chambre (tyubu ya ndani) mimi sijaichagua, ile dawa nyeupe ya ndani inakauka mbio kiangazi na kuipata tena ni shida, chambre mbili mfukoni na ile kofia ndogo ya shaba ya kubadilisha valvu nyembamba, ndiyo upompeshe na pompa yoyote ya barabarani.

Ndani ya kitovu unachagua kati ya biye (gololi) za kulegea na rulema (beringi) iliyofungwa. Biye kila fundi anajua. Rulema nilikuwa naziogopa mpaka nilipogundua nyingi ziko na namba za kawaida kabisa, 6902, 6001, na huu ni mji wa migodi, mwenye duka la rulema anasoma namba tu, hajali kama ni ya kinga ao ya mashine. Basi zote mbili sawa.

VITESI NA FRENI

Kwa Shimano, kiwanda cha Japani, Claris ni vitesi 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, 105 ni 11 na sasa 12. Kila unapopanda sheni inakuwa nyembamba, ya bei, na inakufa mbio kwa vumbi letu. Mimi niko kwa 8 na siko na haya, sheni ile ile inatumikia kinga nyingi za VTT (za milimani) za 6, 7 na 8, inapatikana mjini siku ile ile. Ukitaka mbio zaidi, 11 ya 105 ni kitu kizuri sana, lakini nunua sheni tatu siku moja. Tahadhari moja, Tiagra ya 4700 kebo yake inavuta tofauti na zile 10 za zamani za Shimano, usichanganye manete (mikono ya kubadilishia vitesi) na derayeri (kile kinachosukuma sheni), hazitasikilizana hata ufanye nini. Ya umeme sijaikataa, delestaji (kukatwa kwa umeme) siyo sababu, batri yake inakaa sana, sababu ni kwamba kipande kimoja kikikufa hakuna wa jirani kwa kuazima.

Meno 50 na 34 mbele, 11 mpaka 28 nyuma inatosha tambarare yetu. Unaenda Kivu likizo, 34 nyuma, na uangalie kama derayeri inafika pale, zile fupi hazifiki.

Sheni pima na rula: toka pini mpaka pini ya 24 mbele ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikizidi milimita moja na nusu toa, usingoje, ikizidi tatu imeshakula na meno ya nyuma.

Freni: disiki ya mafuta ni bora kwa mvua, nakubali bila kubishana, rimu zikilowa na ule udongo mwekundu unasikia zinasagwa kama msasa na mkono unakandamiza bure sekunde nzima. Lakini Shimano inataka mafuta ya madini, za SRAM, kiwanda kingine, nyingi zinataka ya DOT, ukichanganya unaua mipira ya ndani, na kutoa hewa kunataka vyombo. Disiki ya kebo ni njia ya katikati ya heshima. Mimi nimebaki na freni za rimu, mvua kubwa nasimama, na kila mwezi napitisha kidole kwenye ukuta wa rimu, ukisikia umechimbika kama kijiko, rimu imekwisha.

Boksi ya pedali chukua ya nyuzi, ya milimita 68, siyo ya kusukumizwa inayolia kwii kwii baada ya vumbi la wiki moja. Ile ya nyuzi upande wa sheni inakazwa kinyume, mwambie fundi kabla hajashika ufunguo. Kadre za zamani za Italia hazifuati hiyo, ziko 70 na pande zote zinakazwa kawaida.

Mdogo alichukua ile ya Reynolds. Ilifika juzi, jumamosi tukaipima nyuma fasi ya gurudumu: milimita 126, ya vitesi 6 ao 7 za zamani, na gurudumu lake la 8 linataka 130. Karboni ao aliminyumu tungeishia pale. Tukaipanua pole pole kwa ubao, milimita 2 upande huu, 2 upande ule, halafu tukachukua kamba nyembamba, tukaifunga nyuma kushoto, ikazunguka kichwa cha kadre, ikarudi nyuma kulia, tukapima toka kamba mpaka mrija wa kiti. Kushoto 29, kulia 31. Tukavuta kidogo tena. 30, 30. Sasa anatafuta magurudumu, kama mtu anashuka Lusaka mwezi huu anijulishe.